Viatu Namba Nane vya Babu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare yake ya shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi isiyoweza kusubiri: kupiga rangi viatu vya babu yake. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, brashi mkono huu, kiatu mkono ule, na kopo la rangi nyeusi limesimama katikati ya nyayo zake. Kwanza alifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha alipaka rangi kidogo, ya ncha ya brashi tu, akasugua mpaka aione pua yake mwenyewe kwenye ngozi ya kiatu. Siku asiposugua vizuri, babu aliviinua viatu kwenye mwanga na kuuliza kwa upole kama kumetangazwa uhaba wa rangi mjini.

Jina lake la shuleni lilikuwa refu na nyumbani hakuna aliyelitumia. Babu alimwita Stempu tangu alipoanza kutambaa, kwa kuwa alimganda kama stempu kwenye bahasha, na jina likashika. Babu naye, mtaa mzima ulimwita Posta. Alikuwa amepeleka barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja, mkoba begani, jua na mvua vikipokezana kichwani pake. Alipostaafu, ofisi ilimuaga kwa saa ya ukutani na jozi ya viatu vyeusi vya ngozi. Saa ilikuwa imekwisha kufa. Viatu vilikuwa hai, na kila siku baada ya chai babu alivivaa, akaenda hadi kwenye benchi la nje ya posta kuwauliza makarani wa siku hizi kama bado kuna mtu anayeandika barua.

"Ni namba nane," alipenda kusema akifunga kamba. "Namba nane tangu siku niliyoajiriwa, na kwenye faili imeandikwa hivyo. Mtu ana namba yake ya kiatu kama nyumba ilivyo na anwani."

Basi hakuna aliyewahi kumpima tena.

Kwenye ubavu wa kidole kidogo cha mguu wake wa kulia, babu alikuwa na sugu. Ilikuwa ngozi ngumu, ya manjano, iliyoinuka kama punje ya hindi, na babu aliiita medali. Wenzake walivalishwa medali kifuani, alisema, yeye alivalishwa mguuni. Kila Jumamosi aliinama na wembe akaimenya kama anayemenya kiazi, na kila Jumamosi Mama, ambaye ni binti yake, alimgombeza kutoka chumba cha mbele alikoshona sare za wanafunzi. Babu alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Vidonge vyake alivimeza saa mbili kamili, kwa nidhamu ya posta. Lakini miguu ilikuwa mbali na mdomo, na hakuna aliyeihesabu katika ugonjwa huo.

Jumanne moja Stempu alikuwa akifua soksi za babu uani alipoona doa la kahawia kwenye soksi ya kulia, limekauka na kuwa gumu kama gamba. Alisugua, halikutoka. Akaipeleka soksi ile mpaka kwenye kiti cha babu.

"Babu, hili doa ni la nini?"

"Rangi ya kiatu."

"Rangi ya kiatu ni nyeusi."

Babu alikohoa. "Basi ni chai."

"Umemwaga chai ndani ya soksi?"

Babu akacheka mpaka mabega yakamtikisika, na kicheko kilipokwisha hakuwa na uongo mwingine wa akiba. Alivua kiatu polepole. Ile sugu ilikuwa imepasuka katikati, na chini yake palikuwa na kidonda chenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Kingo zake zilikuwa nyeupe kama ngozi iliyokaa sana majini. Stempu aligusa kando yake kwa woga, akingoja babu ashtuke. Babu hakushtuka. Alisema hakuumwa hata chembe, na kwamba huo ndio ushahidi wenyewe, kwa sababu kisichouma si ugonjwa.

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwenzake wa zamani, aliyepeleka barua upande wa pili wa mji, aliingia hospitali kwa ajili ya kidole, akatoka na magongo na mguu mmoja. Tangu siku hiyo babu aliogopa mlango wa hospitali kuliko alivyowahi kumwogopa mbwa yeyote wa kwenye njia yake ya barua. Akamwomba mjukuu wake asimwambie mama yake.

"Wewe ni Stempu," alisema taratibu. "Kazi ya stempu ni kukaa juu ya bahasha. Haisomi, haisemi."

Stempu alikubali. Alikubali kwa kuwa alimpenda, na pia, kusema kweli, kwa kuwa ni utamu wa pekee mtu mzima anapokukabidhi siri yake.

Utamu huo haukudumu. Darasani aliandika insha ya mvua, na mwenzake wa dawati alipoichungulia alimnong'oneza, "We, mvua gani hii? Umeandika neno mguu mara nne." Nyumbani alimchemshia babu maji ya chumvi kwa siri. Babu alinunua kwa mchuuzi plasta ya kung'oa sugu, akaibandika juu ya kidonda, kisha juu ya plasta akavuta soksi, na juu ya soksi kiatu. Ijumaa, Stempu alipoinama kumfungua kamba, alisikia harufu kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo.  Alipokwenda kunawa mikono alinawa mara mbili.

Jumamosi mchana babu alirudi kutoka kwenye benchi lake akipiga mluzi. Stempu alichukua viatu kuvianika, na cha kushoto kikalia ndani kama kibuyu chenye mbegu. Alikipindua. Kikaanguka kifungo cha sketi, cha kahawia, chenye matundu manne, kutoka katika vile vifungo vya Mama vilivyozagaa nyumba nzima.

Akautazama wayo wa babu. Pale chini, karibu na kidole gumba, palikuwa na alama ya duara iliyozama kwenye ngozi, na ndani ya duara vidoti vinne, wazi kama muhuri wa posta.

"Babu, leo hukuhisi kitu kiatuni?"

"Nihisi nini? Nimetembea kama kijana."

Stempu alikifumbata kile kifungo. Yeye punje moja ya mchanga ikimwingia kiatuni husimama njiani, barabara nzima ikamngoja. Babu alikuwa amekanyaga kifungo kwenda na kurudi, na hakujua. Sasa kama hakusikia kifungo, angewezaje kusikia kidonda? Ghafla maneno ya babu yaligeuka kichwani mwake, miguu juu. Huenda kule kutouma ndio ugonjwa wenyewe.

Akaenda chumba cha mbele na kukiweka kifungo juu ya kitambaa ambacho Mama alikuwa akikishona.

"Kimetoka kwenye kiatu cha babu," alisema. "Amekikanyaga kwenda na kurudi bila kusikia, Mama. Na mguu wa pili una kidonda. Nilikijua tangu Jumanne."

Mguu wa Mama ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Hakumgombeza. Alimshika bega, akapita, na muda mfupi baadaye sauti yake ilisikika uani, chini na nzito, ikimwambia babu kwamba Jumatatu asubuhi wataongozana kwenda zahanati, na kwamba hilo si ombi.

Babu alimtazama mjukuu wake kutoka kwenye kiti chake. "Kumbe bahasha imefunguliwa njiani," alisema. Kuanzia hapo hakumwita Stempu. Alimwita kwa lile jina refu la shuleni, lote, bila kuruka silabi. Stempu angeona afadhali fimbo.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, ambaye ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Alivaa glavu, akaibandua ile plasta ya mchuuzi, akaitupa kwenye ndoo kama mtu anayemtupa mende. Alieleza kwamba plasta za namna hiyo zina dawa kali inayokula ngozi, na mwenye ugonjwa wa sukari hapaswi kabisa kuzigusa. Kisha akachukua rula ya karatasi, akapima kidonda, na kuandika daftarini: milimita kumi na nne.

"Mzee, unajua sugu ni nini?" aliuliza.

"Ni medali ya kazi."

"Ni ukuta. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa mahali pamoja kila siku, hujenga ukuta wa kujikinga. Kiatu kikizidi kubana, ukuta huzidi unene, mwisho unaiumiza nyama iliyo chini yake. Wewe kila wiki ulibomoa ukuta kwa wembe, na adui ukamwacha mlangoni."

Babu akasema adui huyo hamjui. Muuguzi akakigonga kwa kidole kile kiatu cheusi kinachong'aa.

Hapo babu alikasirika kidogo, kwa adabu. Alisema viatu vile ni namba nane na yeye ni namba nane, faili lipo. Kisha, kwa sauti iliyopungua, akaeleza habari za mwenzake wa magongo. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mwenzako alikuja lini hospitali?"

"Mguu ulipokuwa mweusi."

"Basi mguu wake haukupotelea hospitali, baba yangu. Ulipotelea nyumbani, siku zile alizokuwa akingoja."

Alisafisha kidonda, akaipunguza ile ngozi ngumu kwa kifaa kilichochemshwa, akafunga bandeji nyeupe. Mganga wa zahanati aliongeza dawa za kuua vijidudu. Alieleza kwamba sukari ikikaa mwilini kwa miaka huitia miguu ganzi na kuchelewesha vidonda kupona, ndiyo maana kifungo kile kilisafiri bure. Wakampa babu wiki tatu. Kidonda kikipungua, vizuri. Kisipopungua, ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, na huko kidole kinaweza kuondolewa ili mguu ubaki. Muuguzi alisema hayo bila kuyazungusha, na Mama akaushika ukingo wa meza.

Kazi ikaanza. Kila jioni Stempu alitia maji ya vuguvugu kwenye beseni na kuyapima kwa kiwiko chake, kwa kuwa miguu ya babu isingejua kama yanaunguza. Aliosha mguu wa kushoto, akaukausha kwa kuubonyeza na taulo, hasa katikati ya vidole, akapaka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, maana unyevu ukikaa huko ngozi huoza. Mama alibadilisha bandeji ya kulia kama alivyofundishwa. Ndala pana za wazi ziliwekwa karibu na kiti cha babu. Babu alikubali kila kitu na kushukuru kila kitu, akitumia lile jina refu.

Wiki ikaisha, wakarudi zahanati. Muuguzi akapima, akapima tena. Milimita kumi na nne. Alikunja uso, akauliza kama mzee anavaa ndala, babu akajibu kwamba ndala anazo.

Njiani Stempu alilifikiria jibu lile. Kuwa na ndala na kuvaa ndala ni mambo mawili. Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye viatu vyeusi. Mara ya mwisho alivipiga rangi kabla ya ile safari ya kwanza ya zahanati, na siku saba hizi hakuvigusa, lakini soli zilikuwa na vumbi bichi, jekundu, la barabara ya posta. Babu alikuwa akisubiri yeye aende shule na cherehani ya Mama ianze kulia, kisha anatoka kwa mlango wa nyuma. Alipoulizwa hakukana. Alisema ni mwendo mfupi tu, na kwamba mtu hawezi kwenda posta na ndala kama anayekwenda kuoga.

Stempu hakumshtaki mara hii. Aliona kwamba babu hasemi uongo kwa ukorofi. Babu aliamini kweli kwamba kiatu hakina kosa, na mtu anayeamini jambo kwa miaka thelathini hawezi kulitoa kichwani kwa kugombezwa. Babu alihitaji kuliona kosa kwa macho yake mwenyewe.

Siku ya pili yake, alasiri, wakati miguu ya watu huwa imetanuka kwa shughuli za mchana, alimwomba Mama kipande cha karatasi ya kaki, ile anayokatia vielelezo vya nguo. Akakitandaza sakafuni mbele ya babu.

"Babu, naomba usimame hapa kwa mguu wa kushoto, ule mzima. Usikae, simama."

"Unanishonea suruali ya unyayo?"

Lakini alisimama, mkono kwenye bega la Mama. Stempu alilala kifudifudi na kuuzungushia mguu penseli, akiishikilia wima kama alivyomwona Mama akifanya. Akakata karatasi kwa mkasi, pole pole, bila kupunguza wala kuongeza. Ikabaki karatasi yenye umbo la mguu wa babu. Akampa, na kiatu cha kushoto akampa.

"Ingiza," alisema.

Babu aliingiza. Karatasi ilifika katikati, ikagoma. Akaisukuma, ikajikunja upande mmoja na kuinuka kama sikio la punda, pale pale penye kidole kidogo. Akaitoa, akailaza juu ya paja na kuinyoosha kwa kidole gumba, kwa ustadi wa mtu aliyenyoosha bahasha maelfu kwa maelfu, akaiingiza tena. Ikainuka tena. Mara ya tatu aliifanya haraka, kana kwamba ataishtukiza. Sikio la punda likasimama.

Mama aliuma midomo asicheke. Akasema tu kwamba yeye katika maisha yake yote hajakata nguo kwa kufuata faili, hukata kwa kufuata mwili, na mwili hubadilika.

"Babu," Stempu alisema, bila kujua kama ataruhusiwa mzaha, "barua ya namba nane inarudi kwa aliyeituma. Mpokeaji amehama."

 Babu aliitazama karatasi, akautazama mguu wake kama mgeni aliyelala kwake miaka mingi bila kuulizwa jina. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akalazimika kuketi, akafuta macho kwa kiganja.

"Amehama," alisema. "Amehama kweli, na mimi kila siku nabisha hodi kwenye mlango ule ule. Stempu, nipe hizo ndala."

Alimwita Stempu. Msichana alizileta ndala mbio, na alipofika uani alisimama kidogo ukutani, peke yake, naye akacheka.

Fundi viatu wa mtaa ule alizipokea karatasi mbili, ya kushoto na ile ya kulia iliyokatwa baadaye, akazigeuza mikononi na kuuliza kama mteja ni binadamu au bata. Lakini alifanya kazi nzuri: ngozi laini, pua pana, ndani hapana mshono unaogusa kidole, na kamba za kulegeza mguu ukivimba. Babu alikwenda mwenyewe kumwachia vile viatu vyeusi, ili apatikane mtu wa namba nane wa kweli. Vipya viliwekwa rafuni kungoja ruhusa ya muuguzi.

Wiki ya pili rula ilisoma milimita tisa. Muuguzi alimwonyesha Stempu mstari ule kwa ncha ya kalamu, na Stempu akaunakili kwenye jalada la nyuma la daftari lake la hesabu. Babu akaambiwa aendelee kupumzisha mguu, auinue akiketi. Naye akatii, kupita kiasi. Asubuhi hadi adhuhuri alikaa mguu ukiwa juu ya kigoda cha mbao, hakuutikisa hata inzi alipotua. Alisema huo ndio utii wa posta.

Jioni ya siku ya tatu Stempu alikuwa akikagua miguu kwa kioo kidogo, maana muuguzi alisema wayo uangaliwe kila siku na mahali usipopaona upatafute. Kwenye kisigino cha kulia, pale kilipoegemea ukingo wa kigoda, akaona doa jekundu. Hapakuwa na jeraha wala maji. Akalibonyeza kwa kidole. Alikibonyeza kisigino chake mwenyewe pia, kikawa cheupe kisha wekundu ukarudi. Cha babu hakikubadilika. Kilibaki chekundu vile vile.

Babu alisema hakiumi, na papo hapo akajisikia mwenyewe akisema. Akafunga mdomo. Stempu hakungoja kesho. Alikimbia zahanati kabla haijafungwa, akamkuta muuguzi anafunga madirisha, akamweleza pumzi zikimwisha.

Muuguzi aliliacha dirisha. "Hicho ni kidonda kinachopiga hodi," alisema. "Nyama ikigandamizwa mahali pamoja muda mrefu, damu haipiti. Leo ni wekundu, kesho ni lengelenge, kesho kutwa ni shimo. Hakuna kiatu hapo. Hata kigoda hufanya hivyo, hata kitanda, kwa mgonjwa asiyegeuzwa. Umemkamata mlangoni, mwanangu."

Tiba ilikuwa rahisi ajabu. Kigoda kiliondolewa. Mto ukawekwa chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino, ili kisigino kining'inie hewani bila kugusa kitu. Babu akaambiwa abadilishe mkao kila mara, aukunje na kuunyoosha mguu. Alianza kuhesabu mikunjo kwa sauti kama anayehesabu vifurushi. Baada ya siku mbili doa lilikuwa limefutika, na Stempu alipobonyeza, kisigino kikawa cheupe kisha kikarudia rangi yake kama cha mtu yeyote.

Ikafika siku ya wiki ya tatu. Muuguzi alikuwa na karatasi mezani, barua ya kwenda hospitali kubwa, imeshaandikwa, imebaki sahihi tu. Babu aliiona na kuitambua, macho yake hayakuwahi kukosa barua. Mama alisimama nyuma yake. Bandeji ikafunguliwa, rula ikashuka. Stempu alijikuta anasali kwa namba.

"Nne," alisema muuguzi kwa ile sauti yake ndogo, na wote watatu walimsikia. Akaichukua ile barua, akaipasua mara mbili. "Hii haipelekwi."

Babu alisema kwamba katika miaka yote ya kazi hajawahi kuona mtu akichana barua mbele yake na yeye akafurahi. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akitafuta leso ambayo alikuwa ameishika.

Kidonda hakikukurupuka kupona. Kilichukua wiki nyingine tatu za maji ya vuguvugu, za vidonge vya saa mbili kamili, za kuingiza mkono ndani ya ndala kabla ya kuzivaa ili kukamata kifungo au kokoto. Mama alianza kuvifungia vifungo kwenye kopo lenye mfuniko. Na asubuhi moja muuguzi alibonyeza mahali pale kwa kidole chenye glavu, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema pamefunga. Palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya waridi kidogo. Vidole vyote vilikuwepo, akavihesabu kwa mzaha, vitano na vitano. Akamwambia avae viatu vyake vipya, kwa saa moja tu siku za mwanzo, kisha avue na kukagua.

Babu, aliyekuja navyo ndani ya mfuko, alivivaa palepale. Akasimama. Akatembea kutoka meza ya muuguzi hadi mlangoni, akageuka, akarudi, kidevu juu, mkono wa kushoto umeshika mkoba ambao haukuwepo. Stempu alipiga makofi na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje wakachungulia, nao wakapiga makofi bila kujua sababu, kwa kuwa sherehe haihitaji maelezo.

Muuguzi akamwomba azungumze nao kidogo, maana maneno yake mwenyewe wameshayazoea. Babu alisimama mbele ya benchi. Watu walikuwa saba au wanane, wengine wameingiza miguu chini ya benchi, kama watoto wanaoficha mikono michafu.

"Mimi nilikuwa mpeleka barua," alianza. "Nimepeleka habari za harusi, na nimepeleka habari za misiba. Nyingine nilizijua kwa kuishika tu bahasha, na moyo ulikataa kubisha hodi. Lakini sikuwahi hata siku moja kuiacha barua mkobani kwa kuwa habari zake ni mbaya. Habari mbaya haiwi njema kwa kucheleweshwa. Mguu wangu mwenyewe ulipoandika barua, nikaificha, nikamfundisha na mtoto aifiche. Huyu hapa." Aliweka mkono kichwani pa mjukuu wake. "Alinipenda kiasi cha kukubali nimkasirikie. Kama angenitii, leo ningekuwa nimekaa na magongo. Nanyi vijana, mtu mzima akikupa siri inayomuumiza, hiyo si siri, ni mzigo usio wako. Mpelekee anayeweza kuubeba. Na nyote, hata kama hamsikii maumivu, vueni viatu kila siku mtazame. Jicho litaona kile ambacho mguu umesahau kusema."

 Kisha mwisho wa benchi, mwanamume mmoja mwenye viatu vya kuchongoka, vilivyopigwa rangi vizuri sana, alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama na kuanza kufungua kamba.